Kisiwa Kisicho na Simu

Sharti la kwanza la Mama Gerishon lilikuwa kwamba kisiwa kisiwe na simu. La pili, kisiwe na mtu yeyote anayemjua. Mengine yote, alisema, Nasipwondi apange apendavyo, kwa sababu yeye hajawahi kupumzika tangu aolewe na hajui watu hupumzika namna gani.

Nasipwondi aliandika: bila simu. Alikuwa ameketi kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufumwa, katika sebule ya nyumba ya mawe kule Kawangware. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba, mwaka wa themanini na tatu, na mapajani mwake palikuwa na vitabu vya picha vya hoteli za visiwani. Kwa kawaida wateja walikuja ofisini mjini, na wengi wao walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika wa kwanza kuulizia likizo ya kisiwani mwaka ule alikuwa mama huyu, Wagaki, mjane wa miaka hamsini na tisa mwenye ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa mengi, na nyumba za kupangisha hapa na pale. Hakutaka kuja mjini. Alitaka mshauri wa safari aje kwake, saa ambayo mwanawe Gerishon hayupo. Mkubwa wa ofisi alimtuma Nasipwondi kwa sababu ndiye aliyekuwa na diploma ya utalii, na pia kwa sababu nauli ya kutoka Kibera hadi Kawangware ilikuwa kidogo.

Chai ililetwa, ya maziwa matupu, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Nasipwondi alikunywa akafanya kazi yake. Alimfungulia ukurasa wa kisiwa kimoja kidogo upande wa Lamu, vibanda kumi na viwili vya makuti, kila kimoja na ngazi zake za kushukia mchangani. Hapakuwa na barabara wala gari wala kengele ya chakula. Unakula ukisikia njaa. Kuna mama wa kukukanda mgongo kila jioni kwa mafuta ya nazi. Hoteli ina redio moja ya kuzungumza na uwanja wa ndege, na hiyo hufungwa ndani ya kabati la meneja.

Bahari yenyewe Nasipwondi hakuwahi kuiona. Hilo hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Mama Gerishon alivaa miwani akatazama picha moja moja kama mtu anayekagua ndama sokoni. Alipofika kwenye picha ya kamba wa kuchoma aliuliza kama hivyo vidudu huliwa na watu waliokosa nyama. Nasipwondi akaandika: nyama, viazi, maharagwe. Akamwambia kwamba ndege za kwenda huko huruka kutoka uwanja wa Wilson, ni ndogo, na rubani hupanga abiria kwa uzito, kwa hiyo alihitaji kujua kilo zake. Mama Gerishon alisema mara ya mwisho kupimwa ilikuwa kwenye mizani ya viazi, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa kati yake na mwenye mizani. Walikubaliana kilo themanini na tano. Nasipwondi aliandika tisini na mbili.

"Na hizo wiki mbili zote," Mama Gerishon aliuliza, "nitakuwa nafanya nini?"

"Hakuna, Mama. Ndiyo maana yake."

"Hata kukamua?"

"Hata kukamua."

Mwanamke yule alivua miwani akaangalia dirishani, kule kwenye zizi, na kwa muda uso wake ukalegea kama wa msichana. Nasipwondi alimpenda dakika ile. Aliwahi kuuza safari kwa watu waliochoka kwa kucheza gofu. Huyu alikuwa amechoka kwa haki.

Kisha wakafika kwenye tarehe.

Mama Gerishon alitaka kuondoka Jumatatu tarehe saba Novemba. Nasipwondi alimshauri kwa moyo mweupe kwamba Novemba mvua haina adabu hata huko pwani, na kwamba Disemba ni afadhali, ingawa vibanda saba vilikuwa wazi Novemba na angeweza kuchagua anachotaka. Mama Gerishon akasema Disemba hapana. Tarehe saba au aache kabisa.

Mwalimu wao wa chuo alikuwa akiwaambia kila wiki kwamba mteja hajui anachotaka, kwa hiyo usimuulize anataka nini, muulize anakimbia nini. Nasipwondi hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alifunga kitabu cha picha.

"Mama Gerishon, unakimbia nini?"

Mama Gerishon alicheka. Alisema kumbe huko chuoni hufundishwa uganga. Halafu akaeleza bila kuficha, kama mtu anayemweleza daktari wa meno. Alikuwa na nyumba za zamani huko Kibera, za udongo na mabati, alizojenga na marehemu mumewe. Sasa alikuwa amemuuzia bwana mmoja wa Riruta Satellite aitwaye Naftaly, ambaye angejenga safu ya maduka. Naftaly alitaka apewe uwanja mtupu. Watu wa kubomoa wangefika Jumanne tarehe nane, saa kumi na mbili asubuhi, na wapangaji wasingeambiwa kitu, kwa sababu ukiwaambia hukimbia kwa chifu.

"Mwaka wa sabini na saba nilibomoa nyingine," alisema. "Wakanifuata mpaka hapa kwa geti. Siku tatu wamekaa hapo nje wakiimba. Ng'ombe wangu wakakataa kutoa maziwa. Safari hii waimbie mbwa. Mimi nitakuwa nakandwa mgongo."

Nasipwondi aliandika: mteja aepushwe na usumbufu. Hakushtuka bado. Nairobi kila siku kulikuwa na mahali panapobomolewa, na kalamu yake ilikuwa ya kampuni. Aliuliza ni sehemu gani ya Kibera, kwa adabu tu, ili mazungumzo yasife.

Ni Lindi, Mama Gerishon akajibu. Chini kidogo ya reli. Vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, na choo mwishoni. Mtu hawezi kupotea, alisema, kwa sababu mlango wa choo ni ubavu wa lori la marehemu, ule wa buluu. Lori lilipokufa walilikata. Kipande chenye jina la mume wake alikihifadhi nyumbani, na kile kingine wakakifanya mlango. Maandishi meupe bado yanasomeka.

Kalamu ya Nasipwondi ilisimama.

Kile kipande kingine kiliandikwa NA WANAWE. Alijua kwa sababu kwa miaka saba, kila asubuhi, alisimama mbele ya maneno hayo akiwa na kopo la maji mkononi, akingoja aliye ndani atoke. Mwanawe wa pili alijifunza kusoma kwenye mlango ule. 

Akafikiria chumba cha sita, ambamo Wepukhulu, mume wake, alikuwa amepigilia rafu mwanzoni mwa mwaka, maana alikuwa seremala kule Kambi Muru na mabaki ya mbao aliyaleta nyumbani. Halafu akamfikiria binti yao Nafuna, na hapo kila kitu kingine kikatoka kichwani. Nafuna alikuwa darasa la saba. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa Jumatano na Alhamisi, tarehe tisa na kumi Novemba. Kwa mwaka mzima msichana yule alisoma kwa taa ya mafuta juu ya ile rafu, na walimu walisema akikaza mwendo atapata shule ya serikali. Jumanne asubuhi watu wa mitaimbo wangeng'oa bati juu ya kichwa chake, na Jumatano angeingia mtihani akitoka kulala mvuani juu ya magodoro.

Na yeye, mama yake, ndiye aliyekuwa akiandika tarehe hiyo kwenye fomu.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa baya, na alilifanya vibaya. Alifunua karatasi zake akasema, lo, amekumbuka sasa hivi, hoteli ile imejaa Novemba yote.

"Dakika kumi zilizopita ulisema vibanda saba viko wazi," Mama Gerishon akasema. "Nichague ninachotaka."

Nasipwondi aliona hana kipaji cha kudanganya na hana muda wa kukitafuta. Akaweka kikombe chini.

"Ule mlango umeandikwa 'na wanawe'," alisema. "Mimi hukaa chumba cha sita."

 Mama Gerishon alimtazama viatu, akapanda mpaka kwenye koti la ofisi, akafika usoni akabaki hapo. Alichouliza hakikuwa alichotarajia Nasipwondi.

"Wewe? Na hiyo diploma yote?"

"Diploma haina paa, Mama. Mshahara wangu unasomesha shemeji wawili na unajenga nyumba Bungoma. Kinacholala kwako ni kile kilichobaki."

Akaendelea kabla moto haujapoa. Alimweleza habari za Nafuna na tarehe za mtihani. Hakumwomba asibomoe. Nyumba ni zake, alisema, na aliyejenga ana haki ya kuuza. Aliomba wiki tano tu, shule zifungwe, watoto wamalize.

"Watoto gani?" Mama Gerishon akauliza.

"Wangu watatu. Na wa wenzangu."

"Kwangu hakuna watoto."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayesema kwamba Jumapili hakuna posta. Tangu mwaka wa sabini na nne, alieleza, hakupokea mpangaji mwenye mtoto. Mburu, mtunzaji wa ploti hiyo ya vyumba, alikuwa na amri hiyo na aliifuata. Hapo palikuwa pa wanaume wa vibarua na wanawake wachache wasio na mzigo, na ndiyo sababu alichagua Jumanne bila kujali kalenda ya mtu yeyote. Mwanamume wa kibarua hubeba godoro begani, na kufikia saa nne ameshapata chumba kingine.

Nasipwondi alihisi mshtuko wa pili ukimpanda, mkubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu huu alishiriki kuutengeneza.

Amri ile aliijua. Kila mpangaji wa Lindi aliijua. Siku alipopewa chumba, Mburu alimwambia kwamba mwenye ploti hataki watoto, lakini yeye Mburu si mtu mbaya, atampokea na watoto wake akimkumbuka na chai kidogo kila mwisho wa mwezi. Sharti lilikuwa moja. Ile pikapu ya mwenye ploti ikionekana juu kwenye reli, Mburu angegonga bati mara mbili, na kila mtoto atoke mbio apotee. Akina mama wangeondoa nepi kwenye kamba, mipira ya makaratasi, viatu vidogo, kila kitu. Mama Ploti, walivyomwita, hakushuka kwenye pikapu isipokuwa mara chache, naye alikuja siku za kazi ambapo Nasipwondi alikuwa mjini. Kwa miaka saba hawakuwahi kuonana. Lakini watoto wake aliwafundisha mwenyewe. Aliwafundisha vizuri.

"Wapo, Mama," alisema. "Tuliwaficha."

 Mama Gerishon akamwambia jambo ambalo Mburu hakuwahi kulitaja. Mwaka wa sabini na nne, katika ploti yake nyingine karibu na hapo, mtoto wa mpangaji alikuwa ametumbukia kwenye shimo la choo. Mvulana wa miaka mitatu. Mbao zilikuwa zimeoza, na mume wake alikuwa ameahidi kuzibadilisha wiki ile. Yeye mwenyewe alikuwapo walipomtoa. Alirudi nyumbani akasema hatapokea mtoto tena mahali popote penye shimo lake, na watu wakasema ana roho ya mawe, naye akawaacha waseme.

"Miaka tisa nimelala usingizi," alisema, "nikijua hakuna mtoto karibu na choo changu."

Akainuka. Akachukua ufunguo juu ya redio.

"Twende nikawaone. Na kama unanidanganya tena, nitakuja hapo ofisini kwenu na hii picha ya vidudu."

Aliendesha mwenyewe, pikapu ya Peugeot yenye mikebe ya maziwa nyuma, akishika usukani kama mtu anayemshika ng'ombe pembe.  Njiani Nasipwondi alikuwa akipanga jinsi atakavyoanza: Nafuna kwanza, na vitabu vyake, halafu wale wadogo wa jirani yake Apiyo, halafu mapacha wa jirani mwingine, Katunge. Angewapanga mstari. Mama huyu ana moyo, alijiambia, akiwaona imetosha.

Walikuwa wanavuka reli aliposikia bati likigongwa. Mara mbili.

Alifungua mdomo ili apige kelele wasikimbie. Lakini ukiwa ndani ya pikapu yenye mikebe inayogongana, nani atakusikia. Walipoteremka na kusimama mbele ya ploti, dakika tatu hazikuwa zimepita, na uwanja ulikuwa mtupu na safi kama wa kambi ya jeshi. Hapakuwa na nepi hata moja kwenye kamba. Katunge alikuwa mlangoni akisuka kiondo, Apiyo anachambua omena, na mwanamume wa chumba cha pili ananyoa ndevu mbele ya kioo. Mahali ambapo mapacha walikuwa wamechora mraba wa kurukia, mtu alikuwa amepitisha ufagio.

Mburu alikuja akivua kofia. Alipomwona Nasipwondi akishuka kutoka kiti cha mbele, kofia ikabaki hewani.

"Mburu," Mama Gerishon alisema, "hapa kuna watoto?"

"Watoto, Mama? Kwani ni nani amekuambia hivyo? Hapa ni watu wa kazi tu."

Mama Gerishon akamgeukia Katunge. Katunge alisema hapana, akaendelea kusuka. Akamgeukia Apiyo. Apiyo, ambaye alikuwa na wanne na wa tano tumboni chini ya kanga, aliangalia omena akajibu kwa huzuni kwamba Mungu hajamjalia bado.

Nasipwondi hakuamini masikio yake. Aliwaambia wenzake kwamba amekwisha kusema, mwenye ploti anajua, waite watoto. Hakuna aliyeinuka. Walimtazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyeshuka kwenye gari la askari. Aliona wazi wanavyofikiri: Mama Nafuna amepata chakula kwa tajiri, sasa anatuuza. Hata yeye angefikiri hivyo.

Akageukia tuta la reli akaita kwa nguvu. "Nafuna. Toka. Leta wenzako."

Upepo ulipita kwenye mabati. Hakuna kilichosogea.

Akaita mara ya pili, kwa Kibukusu, akitumia jina la utani la nyumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Hakuna. Na hapo akakumbuka maneno yake mwenyewe, jinsi alivyowakalisha kitandani wote watatu akawaambia: hata mkisikia ni mimi ninayewaita, msitoke, kwa sababu huenda nimelazimishwa. Alikuwa amejivunia sana alipofikiria hilo.

Mama Gerishon alikuwa tayari ameshika mlango wa pikapu. Uso wake ulikuwa umefungwa. "Una ulimi, mama," alisema. "Nakupa hiyo."

 Nasipwondi alipita katikati ya uwanja, akamruka Katunge aliyekuwa mlangoni mwa chumba chake, akaingia humo bila hodi, akatoka na leso ya kijani. Katunge aliacha kiondo akamshika mkono. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba akifanya hivyo amewaua wote. Nasipwondi akamwambia wameshakufa, tarehe nane, saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba amwachie mkono.

Akaitundika leso kwenye kamba, mwisho kabisa, mahali inapoonekana kutoka juu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yao kwamba pikapu imeondoka.

Wa kwanza kutokea juu ya tuta alikuwa Nafuna, mtoto wa Apiyo mgongoni na kitabu cha hesabu kwapani. Nyuma yake wakaja wawili wameshikana mikono, halafu watatu, halafu kundi, wakiteremka kwenye changarawe za reli kwa vicheko, wengine bila suruali, mmoja akiburuta gari la waya. Walikuwa wameshafika chini kabla hawajaiona pikapu. Walisimama pale pale, kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa. Mmoja wa mapacha alijificha nyuma ya mguu wa Nafuna, akidhani hiyo inatosha.

Mama Gerishon aliwahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alifika ishirini na tatu.

"Walikuwa wapi?" aliuliza.

"Ng'ambo ya tuta, Mama," Mburu akasema, kwa sababu sasa hakukuwa na la kuficha. "Huko kwa reli. Huwa wanangoja hapo."

"Kwa reli."

"Ndiyo, Mama."

"Treni inapita."

"Wanajua saa zake," Mburu alisema, na hata yeye alisikia alichosema, akainamisha kichwa.

Mama Gerishon aliketi juu ya jiwe la kufulia. Nasipwondi alidhani amezimia akaenda kumshika, lakini alikuwa ameketi tu, mikono mapajani, macho kwa wale watoto. Alikuwa na rangi ya majivu. Kwa miaka tisa alikuwa amewaondoa kwenye shimo lake, na kwa miaka tisa kila alipokuja kuhakikisha, walipelekwa kukaa kwenye njia ya treni.  

Baadaye alimwita Nafuna asogee. Nafuna alimtazama mama yake kwanza.

"Mathe, si wewe ulisema tusitoke ukituita?"

"Nilisema. Sasa nasema usogee."

Mama Gerishon alimuuliza mtihani ni lini, msichana akamtajia siku na saa. Akamuuliza anasomea wapi, Nafuna akaonyesha chumba cha sita. Akaenda akachungulia, akaiona ile rafu na taa juu yake, na chini yake ndoo iliyogeuzwa iwe kiti. Kisha akatembea peke yake mpaka mwisho wa uwanja, akaufungua mlango wa buluu wa NA WANAWE, akakanyaga zile mbao moja moja kwa uzito wake wote, kilo alizoandikiwa na zile alizoficha. Aliporudi alikuwa mwenye ploti tena.

"Hiyo fomu yako iko wapi?" alimuuliza Nasipwondi.

Nasipwondi akaitoa kwenye mkoba.

"Futa Novemba. Andika tarehe kumi na mbili Disemba. Kubomoa ni kumi na tatu. Naftaly nitamwambia mimi, na akikataa atafute uwanja mwingine. Lakini usije ukasema sikukuambia. Zitabomolewa."

Kiondo kilimwanguka Katunge. Apiyo akauliza kinabomolewa nini. Wote wakamgeukia Nasipwondi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na karatasi, naye kwa mara ya kwanza siku ile alikunja mikono.

"Waambie mwenyewe, Mama Gerishon," alisema. "Mimi ni mshauri wa safari."

Mama Gerishon hakupenda, lakini aliwaambia. Alisimama pale kwenye jiwe la kufulia akawaambia siku na saa, na kwamba mwezi wa mwisho hatachukua kodi, na kwamba Mburu atarudisha ile chai yote ya watoto au atakutana naye kwingine. Aliongea vibaya, kwa maneno mafupi, na mara mbili alisimama akakohoa. Nasipwondi alitarajia kelele, hata nyimbo. Hapakuwa na kitu. Watu waliduwaa wakimtazama yule mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa pikapu tu kwenye reli, kana kwamba kilichowashangaza zaidi ni kuona ana miguu. Mwanamume wa chumba cha pili alikuwa bado na sabuni upande mmoja wa uso.

Ndege ndogo ilipita juu yao wakati huo, ikitoka Wilson, chini sana, kama kawaida yake. Kivuli chake kilikimbia juu ya mabati. Watoto hawakuinua hata macho. Mama Gerishon aliinua.

"Ni kama hiyo?"

"Ni hiyo hiyo," Nasipwondi alisema. "Yako huruka saa tatu asubuhi."

"Na inapita hapa?"

"Kila siku."

Mwanamke alihesabu kichwani, na Nasipwondi alihesabu pamoja naye. Walikuwa wamebadilisha mwezi, lakini walikuwa hawajabadilisha mpango. Tarehe kumi na mbili ndege ingepita juu ya vyumba kumi na viwili. Wiki mbili baadaye, wakati wa kurudi, ingepita juu ya uwanja mtupu.

"Nipangie kiti cha upande ule mwingine, usiotazama huku," Mama Gerishon alisema, akapanda pikapu yake.

Jumatatu asubuhi Nasipwondi alijaza fomu ofisini. Wiki mbili, kibanda cha mwisho, nyama na viazi, kukandwa kila jioni, bila simu. Alipofika mahali pa kiti alipiga simu Wilson kuuliza ni upande upi wa ndege unaotazama Kibera inaporudi. Wakamwambia. Akaandika upande huo, karibu na dirisha, na kwenye nafasi ya sababu akaandika uzito wa abiria. Kisha akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda Kawangware kutafuta chumba kinachopokea watoto.